Nasaba ya Upande wa Kushoto

Nesi Raya akauliza, kalamu juu ya fomu:
"Nani kwenu ameondoka kwa moyo, kabla ya sitini?"

Nikamsomea nasaba kama tulivyofunzwa,
Mbarak bin Sleyum bin Khalfan bin Hamdun,
hadi baba wa saba, aliyechimba kisima Ibra.
Akatabasamu. Kiswahili chake ni cha bibi yake,
kina vumbi la Nizwa kidogo.
"Majina nimeyasikia, ami.
Nauliza walikufa na nini."

Ulimi ukanikwama.
Kwetu maiti hana sababu, ana siku.
Siku yake imefika, basi; tunazika kabla ya adhuhuri,
tunakaa siku tatu, kahawa na halwa,
na anayeuliza zaidi huonekana anamhoji Mola.

Baba alianguka soko la samaki, Sibu,
akichagua jodari, mkono umeganda begani
kama aliyebeba gunia. Wakasema jua.
Ami Hamdun: hasadi, kwa ajili ya gari jipya.
Kaka Muhsin, miaka hamsini na miwili,
"gesi tu," alisema mwenyewe, saa nane ya usiku,
akanywa soda ya ndimu, akageukia ukutani.
Shangazi Shinuna hakushika kifua hata mara moja.
Wiki nzima taya lilimuuma,
na pumzi ilimwishia ngazi ya tatu.
Tukampeleka kwa daktari wa meno.

Jua. Hasadi. Gesi. Jino.
Na mimi, karani wa hesabu benki ya Ruwi
miaka ishirini na saba,
sikuwahi kuzijumlisha.

Raya akanifunga mkanda mkononi, ukavimba, ukanibana:
mia na hamsini na nane juu ya tisini na sita.
Mashine imekosea, nikasema, nimepanda ngazi.
Akanikalisha kimya dakika tano, akapima tena.
Mashine haikunionea haya.
Akatoa damu ya sukari, damu ya mafuta,
akanizungushia utepe kiunoni kama fundi wa kanzu,
akaandika bila kusema.
Kisha: "Baba hukumchagua. Umri hauombi ruhusa.
Lakini hii shisha ya kila Alhamisi,
nayo umerithi kwa nani?"

Sikuapa kitu. Nilirudi Mabela,
nikakaa jikoni na Zuwena tukitazama kabati:
papa mkavu mwenye chumvi kama ukuta wa pwani,
kopo la samli, halwa ya mgeni ambaye hakuja.
"Papa siachi," akasema Zuwena.
"Basi tumroweke, tumwage maji mara mbili."
Ndivyo tulivyoanza, kwa mabishano.

Alfajiri natembea kabla lami haijawaka.
Julai nakimbilia ndani ya maduka makubwa,
milango ya chuma bado imeshuka,
mimi na wazee watatu wa Kibaluchi,
tunapita mbele ya masanamu ya nguo
yenye viuno vyembamba na hayana presha.

Idi nilishindwa. Shuwa ilitoka shimoni
imefungwa majani, inanukia hadi barabarani,
nikala kama mtu asiye na faili.
Na kuna wiki niliyoacha vidonge,
kwa kuwa nilijisikia mzima.
"Unajisikia mzima kwa sababu unavimeza," Raya akasema,
akanikazia macho kama mama.

Jana nilifungua daftari la babu,
lile la nasaba, wino wake wa kahawia.
Mbele ya majina nikaongeza safu moja:
baba, moyo. Ami, huenda moyo.
Muhsin, moyo. Shinuna, moyo, si jino.
Wa kisima cha Ibra nimemwachia nafasi.
Mbele ya jina langu nimeandika kwa penseli,
na leo asubuhi nimefuta:
mia na thelathini na nne.

Halafu nikampigia mwanangu Haitham,
ana thelathini na moja, anasema ana haraka.
Nikamwambia: njoo.
Usilete chochote.
Njoo na mkono wako.